Antonie van Leeuwenhoek, Muuza Nguo Aliyetazama Tone la Maji



Mtoto wa shule akiulizwa alama za kiumbe hai hapati taabu. Atasema: hujongea, hula, hupumua, hukua, huhisi, huzaa, hutoa taka. Amezisoma darasani kama tulivyozisoma sisi wazazi wake, na kuku wa uani na mchicha wa bustanini wapo kumthibitishia. Lakini mpeni mtoto huyo tone la maji ya bwawani, mwambieni atenge humo kilicho hai na kisicho hai. Ataanzia wapi? Kazi hiyo ilimwangukia mtu mmoja wa Uholanzi zaidi ya miaka mia tatu iliyopita. Hakuwa na mwalimu wala kitabu cha kumwongoza, maana hapakuwa na mtu aliyewahi kuyaona aliyoyaona yeye. Wala hakuwa mtaalamu. Alikuwa muuza nguo.

Jina lake ni Antonie van Leeuwenhoek. Tunawaomba radhi kwa ugumu wa jina hili. Waholanzi wenyewe hulitamka karibu na Leuwenhuk. Alizaliwa tarehe 24 Oktoba 1632 katika mji wa Delft. Baba yake alikuwa msukaji wa vikapu, na mama yake alitoka katika ukoo wa watengenezaji wa bia. Baba alifariki Antonie akiwa bado mtoto mdogo, mama akaolewa tena, na kijana akapelekwa shule nje ya mji. Chuo kikuu hakukiona. Kilatini hakujifunza, na siku zile mtu asiyejua Kilatini hakuhesabiwa kuwa amesoma. Alipopata miaka 16 alipelekwa Amsterdam kujifunza kazi kwa mfanyabiashara wa nguo. Mwaka 1654 alirudi Delft, akamwoa Barbara de Mey, akanunua nyumba, akafungua duka la vitambaa, vifungo na utepe.

Walijaliwa watoto watano. Wanne walizikwa wangali wachanga, akabaki binti mmoja, Maria. Mwaka 1666 Barbara naye akafariki dunia. Miaka mitano baadaye Antonie alimwoa Cornelia Swalmius, binti wa mchungaji, naye pia alimtangulia kaburini. Ni Maria, ambaye hakuolewa, aliyekaa na baba yake hadi mwisho.

Tangu mwaka 1660 mji wa Delft ulikuwa umempa kazi nyingine pamoja na duka lake: kutunza chumba cha mkutano cha mahakimu. Alifungua, akafunga, akahakikisha pamefagiwa, akawasha moto wakati wa baridi. Watunza makanisa wetu wanaijua kazi ya namna hiyo. Baadaye aliapishwa kuwa mpima ardhi, na mwaka 1679 akawa mpimaji wa mapipa ya mvinyo. Kwa hiyo hakuwa maskini, lakini wala hakuwa bwana mkubwa. Alikuwa mtu wa mjini mwenye shughuli zake, aliyezoea kupima na kuhesabu.

Wauza nguo wa wakati ule walikuwa na kioo cha kukuzia vitu, ambacho walihesabia nyuzi za kitambaa ili wajue kama ni kizuri au hafifu. Inaaminika kwamba huko ndiko Antonie alikoonja mara ya kwanza ladha ya kuona kidogo kikawa kikubwa. Akaanza kutengeneza lenzi zake mwenyewe, na ufundi huo akaufikisha mahali ambapo hakuna mwenzake wa zama zile aliyeweza kumfikia.

Hadubini yake ukiiona leo hutadhani ni hadubini. Haina mguu wala bomba refu la kuchungulia. Ni vibati viwili vya shaba au fedha vilivyobanwa pamoja, urefu wake kama kidole gumba, na katikati yake tundu dogo lililoshika lenzi moja ndogo mno. Upande mmoja kuna msumari mwembamba unaosogezwa kwa skrubu, na juu ya ncha yake ndipo kinapowekwa kitu cha kutazamwa. Mtazamaji hukishika chombo mkononi, hukisogeza hadi karibu kiguse jicho, akageukia kwenye mwanga. Hadubini kubwa za wakati huo zilikuwa na lenzi mbili au zaidi, lakini zilionyesha vitu kwa ukungu na kingo za rangi rangi. Lenzi yake moja ilionyesha vitu safi, na mojawapo ya zile zilizobaki hadi leo hukuza kitu kadiri ya mara 270. Alipopata kitu kizuri alikiacha papo hapo juu ya msumari, akatengeneza hadubini nyingine kwa kitu kingine. Ndiyo maana inakisiwa kwamba maishani mwake alitengeneza kama 500.

Mwaka 1673 daktari mmoja wa Delft, Reinier de Graaf, aliwaandikia wataalamu wa chama cha Royal Society huko London kwamba mjini kwake yuko mtu anayetengeneza hadubini zinazoshinda zote. Pamoja na barua hiyo ilikwenda barua ya Antonie mwenyewe, juu ya ukungu unaoota kwenye vyakula, mwiba wa nyuki, na chawa. London wakaifasiri, wakaichapa. Kuanzia hapo hakuacha kuandika kwa miaka hamsini, barua karibu 190 kwa chama hicho peke yake, zote kwa Kiholanzi, na zote kwa namna ya mtu anayemsimulia jirani: nilikwenda mahali fulani, nilichota maji, nilirudi nyumbani, niliona hivi na hivi.

Mwaka 1674 alipita katika ziwa moja dogo karibu na Delft, liitwalo Berkelse Mere. Wakati wa baridi maji yake yalikuwa maangavu, lakini kiangazi kilipofika yaligeuka meupe, na mawingu ya kijani yakaelea ndani yake. Wenyeji walisema ni umande unaofanya hivyo. Antonie alichota kidogo katika chupa, na kesho yake akatazama. Akaona nyuzi za kijani zilizojiviringa kama skrubu, na kati ya nyuzi hizo vitu vidogo mno vya rangi mbalimbali, vingine vya mviringo, vingine virefu kidogo.

Hapa ndipo tunapoona akili ya mtu huyu. Angaliweza kusema kwamba ni vumbi, au uchafu wa maji, na mtu yeyote angalikubali. Lakini alitazama namna vilivyokwenda. Vumbi hufuata maji yaendako. Vitu hivi vilipanda, vikashuka, vikazunguka, kila kimoja njia yake, na kwa kasi iliyomstaajabisha. Kinachojiendea chenyewe, alifikiri, kina uhai. Basi akaviita vinyama vidogo, na tangu siku hiyo jina hilo halikutoka katika barua zake. Alama moja tu kati ya zile saba za mtoto wa shule ndiyo iliyomfungulia mlango.

Ajabu kubwa zaidi ilikuja kwa njia ya pilipili manga. Meli za Waholanzi zilileta viungo kwa wingi kutoka Mashariki, na Antonie alitaka kujua kwa nini pilipili huwasha ulimi. Alidhani labda chembe zake zina miiba midogo inayochoma. Akailoweka katika maji, akaiacha wiki kama tatu ili ilainike. Mwezi wa Aprili 1676 alipotazama maji yale hakuona miiba. Aliona vinyama vingi visivyohesabika, vidogo kuliko vyote alivyokwisha kuviona. Alivilinganisha na chembe ya mchanga, akakadiria kwamba hata milioni moja ya vile vidogo kabisa vingeenea ndani ya chembe moja. Alikuwa amewaona bakteria, na hakuna mtu kabla yake anayejulikana kuwa aliwaona.

Mwezi wa Oktoba mwaka huo aliandika barua ndefu London, na huko mashaka yakaanza. Ndugu wasomaji, jiwekeni mahali pao. Mtu asiyejua Kilatini, mwenye duka la vifungo, anasema kwamba katika tone moja la maji kuna viumbe hai wengi kuliko watu wa mji. Na alipoulizwa namna anavyowatazama, akakataa kuonyesha njia yake iliyo bora. Je, sisi tungemwamini? Yeye alitafuta mashahidi. Aliwaita watu wanane wenye heshima zao, miongoni mwao wachungaji, wakatazama kwa macho yao, wakaandika na kutia sahihi kwamba wameona. Kwa upande wao, wale wa London waliamua kujaribu wenyewe, kazi akapewa Robert Hooke. Huyu Hooke ndiye aliyekata kipande cha kizibo, akaona kimejaa vyumba vidogo vidogo, akaviita seli, na neno hilo tunalitumia mpaka leo kwa sehemu ndogo kabisa ya mwili wa kila kiumbe hai. Kitabu chake juu ya hadubini kilitoka mwaka 1665.

Mara ya kwanza hawakuona kitu. Hooke akatengeneza vijibomba vya kioo vyembamba zaidi, akaloweka pilipili katika maji ya mvua, akangoja. Novemba 1677, mbele ya wanachama, vinyama vilionekana vikiogelea huku na huku. Kati ya waliokuwapo siku hiyo alikuwa Christopher Wren, yule aliyejenga Kanisa Kuu la Mtakatifu Paulo huko London. Hapo mjadala ukaisha. Mwaka 1680 walimfanya Antonie mwanachama kamili, ingawa hakuwahi kuhudhuria mkutano wao hata mmoja.

Baada ya hapo alitazama kila kitu: damu yake, mate, jasho, nyama ya ng'ombe, jicho la mdudu. Mwaka 1688 aliona damu ikipita katika mishipa myembamba mno ya mkia wa kiluwiluwi, kutoka mishipa iletayo hadi ile irudishayo. Mwaka 1683 aliandika juu ya utando mweupe wa meno. Yeye alizoea kuyasugua meno yake kwa chumvi kila asubuhi, na hata hivyo akakuta humo vinyama vikicheza, wengi kuliko wakazi wa nchi yake nzima, kwa hesabu yake. Akamtafuta mzee mmoja ambaye hakuwahi kusafisha meno maisha yake yote. Alichokiona huko hatutakieleza, maana wengine wenu mnasoma ukurasa huu baada ya chakula.

Lakini angalieni alilofanya baadaye. Siku moja, baada ya kunywa kahawa ya moto, hakukuta kiumbe anayejongea katika meno ya mbele, mahali kahawa ilipopita. Akaelewa kwamba joto limewaua. Siki nayo aliijaribu, akaona vilivyokuwa vikienda vinatulia. Kwa njia hiyo alijihakikishia kwamba mwendo ule ulikuwa wa uhai kweli: kisicho hai hakifi.

Alama ya kuzaa ndiyo aliyoipigania kwa miaka mingi. Watu wa wakati wake, wasomi pamoja nao, waliamini kwamba wadudu hujitokea tu, viroboto kutoka katika vumbi na uchafu, fukusi kutoka katika ngano yenyewe. Nasi tusiwacheke, kwa kuwa hata kwetu wapo wanaosema mahindi yakikaa sana hugeuka fukusi. Antonie alichukua fukusi na ngano safi, akaviweka katika vijibomba vya kioo, akawangoja. Aliona fukusi jike akitoboa punje kwa mdomo wake mrefu, yai likiwekwa ndani, funza akikua humo akila unga, hata akatoka fukusi kamili. Kiroboto naye alimfuata hatua kwa hatua: yai, funza, kifukofuko, kiroboto. Kila hai ana wazazi wake, hata akiwa mdogo kiasi gani. Alikuwa Mkristo wa Kanisa la Reformed, na jambo hili liligusa imani yake. Alipoona jinsi miguu na koo la kiroboto vilivyoungwa kwa ustadi, hakukubali kwamba kazi kama hiyo yaweza kutoka katika takataka bila Muumba.

Palikuwa na siku pia ambayo alama zake zilimtatiza. Alichukua vumbi kavu kutoka katika mfereji wa risasi wa nyumba yake, vumbi ambalo ndani yake hakuna kilichojongea, kilichokula wala kilichokua. Akalimiminia maji ya mvua yaliyochemshwa. Haikupita saa moja, vinyama vikajinyoosha, vikaanza kuogelea. Alirudia kwa vumbi lililokaa kavu miezi kadhaa, ikawa vilevile. Aliandika habari hiyo mwaka 1702. Je, viumbe vile vilikuwa hai wakati vikiwa vikavu, au vilikuwa vimekufa? Wataalamu wangali wakifanya utafiti juu ya viumbe vya namna hiyo hadi sasa, na mtoto wetu wa shule na alama zake saba angenyamaza kidogo hapa.

Hatutaki kumfanya mtakatifu. Mwaka 1677 aliona mbegu za kiume zikiogelea, akashikilia hadi kufa kwake kwamba mtoto yumo wote katika mbegu ya baba, na mama ni shamba tu la kupandia. Akina mama wa Umoja wetu wangekuwa na la kumwambia. Kosa lake jingine, kwa maoni yetu, lilikuwa kubwa zaidi, nalo ni usiri. Wageni walimiminika Delft. Hata Petro Mkuu, mfalme wa Urusi, alikuja mwaka 1698, akaonyeshwa damu ikitembea katika mkia wa mkunga. Wote walionyeshwa hadubini za kawaida. Zile bora alizificha, na jinsi ya kutazama vile vidogo kabisa hakumfundisha mtu. Mwanafalsafa Leibniz alimshauri awafunze vijana, alikataa.

Alipokufa, hakuacha mwanafunzi. Watu wengine waliendelea kutazama viumbe vya majini, lakini wale vidogo zaidi walisahauliwa kwa muda mrefu, na hakuna aliyewafuatia hadi kwenye vitanda vya wagonjwa. Antonie mwenyewe mwaka 1681, alipokuwa anaharisha, aliona vinyama katika choo chake, lakini hakusema kwamba ndivyo vilivyomwuguza. Ilipita karibu miaka mia mbili. Mwaka 1880 daktari wa jeshi la Ufaransa, Alphonse Laveran, alipokuwa Constantine huko Algeria, alitazama damu ya askari mwenye homa. Aliona vitu vya mviringo, na kutoka kwao nyuzi zikichapa kama mijeledi hata zikasukuma chembe za damu. Akatambua kwamba kilicho mbele yake ni kiumbe hai, kwa alama ileile ya Berkelse Mere. Huyo ndiye mdudu wa malaria, ambaye hata sasa hutafutwa kwa hadubini katika hospitali zetu nyingi, damu ikitandazwa juu ya kioo. Ni wangapi waliozikwa katika miaka hiyo mia mbili, sisi hatuwezi kuhesabu. Wala hatusemi kwamba ni deni la mtu mmoja.

Antonie van Leeuwenhoek aliishi hadi miaka 90. Katika ugonjwa wake wa mwisho kifua kilimtetema na pumzi ikamkatika. Daktari alidhani ni moyo. Yeye alisema ni kiwambo kilicho chini ya mapafu, na alikwisha kukitazama kiwambo cha kondoo na cha ng'ombe ili ajue. Akiwa kitandani alimwomba rafiki yake azifasiri barua mbili kwa Kilatini zipelekwe London. Alifariki tarehe 26 Agosti 1723, akazikwa katika Kanisa la Kale la Delft. Mchungaji mmoja wa mji huo ndiye aliyeandika London kutoa taarifa ya msiba. Maria alituma huko kabati lenye hadubini 26 za fedha, kama baba yake alivyoagiza, na baadaye akamjengea kumbukumbu kanisani. Maria mwenyewe alifariki mwaka 1745, na miaka miwili baadaye hadubini zilizobaki zikapigwa mnada. Zile za London zilipotea katika karne ya kumi na tisa. Zilizopo leo hazizidi kumi na tano.

Siri yake ilikaa karibu miaka mia tatu, kwa kuwa hakuna aliyethubutu kuvifungua vibati hivyo vya thamani na kuitoa lenzi. Mwaka 1995 kulikuwa na wataalamu waliobishana bado kama aliisugua kioo au aliiyeyusha. Mwaka 2021 watafiti wa Uholanzi walizipiga picha hadubini zake mbili kwa miale ipenyayo chuma, bila kuzifungua. Moja ilikuwa na lenzi iliyosuguliwa kwa njia ya kawaida. Ile ya pili, yenye nguvu kupita zote, lenzi yake ni kitone cha kioo kilichoyeyushwa kwa moto, chenye kishina kidogo bado, kwa njia inayolingana na ile aliyoieleza Robert Hooke katika kitabu chake cha mwaka 1665. Kitabu hicho kiliuzwa wazi London, kwa Kiingereza, lugha ambayo muuza nguo wa Delft hakuijua.